Gugu Nililoling'oa Bila Kulijua

Asubuhi hiyo nilikuwa nanawa uso mbele ya kioo nikaona mboni ya jicho langu la kulia imetanuka mno, hata ile rangi ya kahawia inayoizunguka imebaki uzi mwembamba tu. Ya kushoto ilikuwa kama siku zote. Nikafunika jicho la kushoto kwa kiganja, nikajaribu kusoma maandishi ya dawa ya meno. Herufi zote zilikuwa ukungu. Jicho halikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

Hospitalini daktari alinimulika tochi, jicho moja baada ya jingine. Mboni ya kushoto ilisinyaa palepale, ya kulia haikutikisika. Akaniuliza kama nimeanguka, kama kichwa kinaniuma, kama mkono au mguu umekufa ganzi. Akanitaka nitabasamu, nadhani aone kama uso umepinda. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Jana ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa bustanini, napalilia."

"Uling'oa nini?"

"Magugu tu, daktari. Ya kila aina."

"Hebu nieleze yalivyokuwa."

Nikaanza kumweleza. Mengi sikuwa na jina lake, ila moja nililikumbuka vizuri kwa sababu lilikuwa limenifika kiunoni: majani mapana yenye kingo za menomeno, maua meupe marefu mfano wa tarumbeta, vitumba vya kijani vilivyojaa miiba, na harufu nzito ya kuchefua ukilivunja. Daktari akaiweka tochi mezani. "Huo ni mranaha," akasema. "Ulijifuta jicho kwa mkono wenye utomvu wake."

Mranaha, ambao wanasayansi wanauita Datura stramonium, una sumu kuanzia mizizi hadi mbegu. Ndani yake mna atropini na skopolamini. Atropini hiyohiyo ndiyo madaktari wa macho hutumia kwa matone wanapotaka kuitanua mboni ya mgonjwa. Mimi nilikuwa nimejitilia tone langu mwenyewe kwa kidole chenye udongo. Daktari aliniambia kwamba mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine ni jambo ambalo halifai kupuuzwa hata siku moja, kwa kuwa linaweza kuwa dalili ya tatizo kubwa ndani ya kichwa, na kwamba nilifanya vyema kwenda mara moja badala ya kusubiri. Kwa upande wangu dawa ilikuwa muda. Nilivaa miwani nyeusi siku nne, jua likinichoma jicho kana kwamba kope hazipo, na siku ya tano mboni ikarudi mahali pake.

Miaka sita imepita tangu siku hiyo. Kilichobadilika kwangu ni kidogo lakini kimegusa kila kitu: siling'oi gugu ambalo sijaliangalia. Zamani niliona kijani kisicho changu nikakivuta. Sasa huchuchumaa kwanza. Nataka kujua hili ni gugu gani, na uhai wake limeuweka wapi, kwenye mbegu, kwenye mzizi, kwenye kifundo cha shina, au kwenye kinundu kilichofichwa chini. Nikishajua hilo, mkono wenyewe unajua la kufanya.

Kwanza nimalizie habari za mranaha, maana ndio uliofungua darasa. Mche wake ukiwa mdogo unaanza na majani mawili marefu membamba, halafu yanafuata majani mapana yenye kikonyo, na ukitazama pale jani linapokutana na kikonyo utaona pande mbili hazilingani, upande mmoja umeshuka chini kidogo kuliko mwingine. Ukilifinya jani, ile harufu inakuambia yote. Hapo mdogo unang'oka kirahisi, udongo ukiwa na unyevu, kwa mkono wenye glovu. Ukichelewa mpaka ukafunga vitumba, usiuvute kwa nguvu, kwa sababu kitumba kilichokomaa hupasuka sehemu nne na kumwaga mamia ya mbegu, nazo hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri. Mimi huvikata vitumba kwanza kimoja kimoja kwa mkasi, navitia kwenye mfuko, nafunga, halafu ndipo nashughulika na shina. Siuchomi moto, kwa kuwa sitaki mtu avute moshi wa mmea wenye sumu. Baadaye nanawa mikono kwa sabuni, naosha na mkasi, na uso siugusi kabla ya hapo.

Kuna hatari nyingine ya mranaha ambayo ni kubwa kuliko jicho langu. Unapenda kuota katikati ya mboga za majani. Ukienda kuchuma mchicha kwa kushika fungu zima na kukata kwa kisu, jani la mranaha linaweza kuingia humo na kuishia sufuriani, na kupika hakuiondoi sumu yake. Tangu hapo nachuma jani kwa jani. Ni polepole, lakini wanaokula ni wanangu.

Sasa ndago. Hii ndiyo iliyoninyima usingizi miaka miwili ya kwanza, na hapa nitakaa kidogo.

Nilipoanza bustani, tuta moja la pembeni lilikuwa na majani mazuri ya kijani kibichi yanayong'aa, nikadhani ni nyasi za kawaida. Nikachukua jembe nikalilima lote, nikachanganya, nikapiga reki juu, likapendeza. Wiki mbili baadaye zilikuwa zimerudi, nyingi kuliko mwanzo. Nikalima tena. Zikarudi tena, sasa hata sehemu ambazo hazikuwepo. Mara ya tatu nikiwa nimeinua jembe, mzee jirani yangu alikuwa amesimama upande wa pili wa ua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndago unaifanyaje?"

"Naiondoa, mzee. Lakini haikubali."

"Ukiilima namna hiyo unaipanda. Weka jembe chini uje na kisu."

Akaingia, akapiga goti, akachagua shina moja. Kwanza alinipa nilisokote kati ya kidole gumba na cha shahada. Nikahisi kona. Shina la nyasi ni mviringo na lina vifundo, shina la ndago lina pembe tatu na ni laini tangu chini hadi juu, na majani yake yametoka kuelekea pande tatu, si mbili kama ya nyasi. Sikuwahi kujua kwamba kidole kinaweza kuutambua mmea kabla ya jicho. Kisha akachomeka kisu pembeni, akauinua udongo taratibu bila kuukata, akaupangua kwa vidole. Chini ya shina palikuwa na kinundu cheusi kama punje ya kunde. Kutoka hapo ulitoka uzi mgumu wa kahawia, mwembamba kama waya, ukaenda kwenye kinundu cha pili. Ukaenda cha tatu. Tulipofika cha saba tulikuwa tumetoka nje ya tuta. Akakipasua kimoja kwa ukucha: ndani cheupe, chenye harufu nzuri kali.

Alichonieleza kwa maneno yake nimekuja kukisoma baadaye kwa maneno ya wataalamu, na ni jambo lilelile. Vile vinundu vikiwa vimeungana kwenye uzi mmoja, kile cha mbele ndicho huchipua, na vingine hulala. Jembe likikata uzi, kila kinundu kinabaki peke yake na kinaamka. Kwa hiyo mimi, kwa jasho langu, nilikuwa nimeviamsha vyote. Wala si mimi peke yangu niliyeshindwa. Mwaka 1977 watafiti walipochapisha orodha ya magugu mabaya kuliko yote duniani, ndago ndiyo waliyoiweka namba moja.

Tulichofanya baada ya pale hakikuwa na maajabu. Kila wiki mbili, hazizidi tatu, nilipita kwenye lile tuta na kisu chembamba, nikakiingiza sambamba na shina, nikalegeza udongo na kutoa shina pamoja na kinundu chake. Kisipotoka, angalau jani limetoka. Jani ndilo linalokilisha kinundu na kutengeneza vipya, na kinundu kinachochipua mara kwa mara bila kulishwa huisha akiba yake. Ukiruka mwezi mzima umeanza upya. Wiki za mwanzo nilitoa ndoo nzima. Baada ya msimu mmoja nilitoa nusu ndoo. Halafu nikapanda maboga juu ya tuta zima, kwa sababu ndago haipendi kivuli, na majani ya maboga yakitandaa hayaachi jua lifike chini. Msimu wa pili nilikuwa natoa kiganja kimoja.

Vile vinundu usivitupe kwenye lundo la mboji. Havifi humo, vinanenepa. Vyangu navitandaza juu ya bati juani mpaka vikauke kabisa, vikawa vigumu na vimekunjamana, kisha navitupa nje ya bustani.

Ukoka una tabia inayofanana na hiyo lakini una ugomvi mdogo zaidi. Unatambaa juu ya ardhi na pia unapenya chini, na kila kifundo kinachogusa udongo kinatoa mizizi. Jembe hapa pia ni adui, maana kila kipande ulichokata kinakuwa mmea. Tumia uma wa bustani: uchomeke, inua, kung'uta, halafu fuata ule mzizi mweupe kwa mkono mpaka mwisho. Siku ya udongo mkavu usijaribu, utakatika tu mkononi.

Kongwa nililipenda kabla ya kulijua. Ni lile lenye majani laini ya mviringo yaliyochongoka na maua madogo ya buluu yenye petali mbili zilizosimama kama masikio. Linachanua asubuhi, mchana limefunga. Nililiacha pembezoni mwa njia miezi kadhaa kwa uzuri wake. Lilipozidi nikalikatakata kwa jembe, nikaliacha papo hapo likauke. Mvua ikanyesha usiku. Baada ya siku chache kila kipande kilikuwa kimesimama na mizizi yake. Shina lake limejaa maji, halikauki upesi, na kifundo kimoja kinatosha.

Lakini kilichonishangaza zaidi nilikiona siku nilipolitoa zima zima na kuliosha kwenye beseni. Chini, pale kwenye mizizi, palikuwa na vijitawi vyeupe vilivyoelekea ardhini badala ya juu, na kwenye ncha zake vifuko vidogo. Nikakifungua kimoja kwa pini. Ndani mlikuwa na mbegu. Kongwa huchanua na chini ya ardhi pia. Maua hayo hayafunguki wala hayaoni jua, yanajichavusha yenyewe gizani na kuzaa mbegu kubwa kuliko zile za juu. Nilikaa na lile beseni muda mrefu. Mtu anayekata kongwa kwa juu anadhani amelizuia kuzaa, kumbe kizazi kingine kimeshapandwa tayari, tena kwenye kina kinachokifaa. Kwa hiyo kongwa linatolewa likiwa changa, na mizizi yote, udongo ukiwa umelowa, na kila kipande kinaokotwa na kutiwa ndooni. Hakuna kuacha kitu juu ya tuta.

Kuna magugu mawili yanayotambaa chini kabisa, yaliyoshikana na ardhi kama mkeka, ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza lina majani manene yenye maji, shina nene jekundu lililo laini, na maua madogo ya njano. Hilo halina ubaya, na wengi hulila kama mboga. La pili ni mziwaziwa wa kutambaa: shina jembamba zaidi, majani membamba yaliyojipanga mawili mawili, mara nyingi na doa jeusi katikati. Ukilivunja linatoa maziwa meupe. Maziwa hayo huwasha ngozi, na yakiingia jichoni ni balaa. Kwa hiyo kabla mtu hajachuma chochote kinachotambaa, na avunje shina moja, mkono ukiwa na glovu, asubiri kidogo. Likitoa maziwa, si la kula na si la kushika bila kinga. Lile la kwanza nalo lina ujanja wake: ukiling'oa ukaliacha pale, linaendelea kuishi kwa maji yaliyo ndani yake, linakomaza mbegu likiwa limelala, na likipata unyevu linashika mizizi tena.

Kishona nguo hakihitaji maelezo mengi. Yeyote aliyepita porini jioni akarudi na suruali imejaa vijiti vyeusi anakijua. Kila mbegu ina vimiba viwili au vitatu kwenye ncha, navyo vina vimiba vidogo vilivyogeuka nyuma, ndiyo maana vinaingia rahisi na havitoki. Kinang'oka bila taabu kabla ya kuchanua. Kosa ninaloliona mara nyingi ni watu kuzibandua zile mbegu wakiwa wamesimama njiani na kuzidondosha hapohapo. Hapo umezipanda. Mimi nazibandulia ndani ya ndoo.

Gugu karoti ni habari nyingine, na hapa naomba msomaji asilichukulie kirahisi. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, na limeenea Afrika, Asia na Australia. Likiwa changa linalala chini kama ua la duara, majani yake yamechanika vipande vyembamba mithili ya majani ya karoti. Baadaye linasimama na kutoa maua mengi meupe, madogo kama punje. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Dada yangu alikuja kunisaidia wikiendi moja, tukaling'oa kwa mikono mitupu mchana kutwa. Usiku mikono yake ilianza kuwasha, asubuhi ilikuwa imevimba na kutoa malengelenge madogo, na kope zimevimba pia. Mimi sikupata chochote. Safari ya pili alivaa glovu, lakini shingo ilivimba. Ya tatu, hata kusimama karibu tu likiwa na maua kulimletea mafua na kubanwa kifua. Mzio wa gugu hili hujijenga taratibu; mtu anaweza kuligusa miaka asione kitu, kisha mwili ukakataa. Sasa dada anapanda na kumwagilia, na gugu karoti nalitoa mwenyewe kabla halijachanua, nikiwa na glovu ndefu, shati la mikono mirefu na barakoa. Zile nguo nazivua mlangoni na kuzifua peke yake.

Upupu nao ukiuona umetambaa kwenye ua na maganda yake yenye manyoya ya dhahabu, usiuguse wala usiutikise. Ukate shina kwa chini, maganda yakiwa bado hayajakomaa. Manyoya yakishakugusa usijikune, kwa kuwa kujikuna kunayaeneza na kuyazamisha. Yabandue kwa utepe wenye gundi, kisha osha kwa maji mengi.

Baada ya kuyajua magugu kwa sura, niliingia kwenye swali jingine: yanatoka wapi siku zote? Nimeondoa lote, wiki mbili baadaye kijani kimetanda. Jibu lilinijia niliposoma habari za mtaalamu wa mimea William James Beal, wa Michigan nchini Marekani. Mwaka 1879 alizika chupa 20 zenye mchanga uliochanganywa na mbegu za mimea ya aina mbalimbali, mbegu 50 za kila aina, ili kila baada ya miaka kadhaa ifukuliwe chupa moja ionekane zipi bado zinaota. Beal alikwisha kufariki, wengine wakarithi kazi. Mwaka 2021 ilifukuliwa chupa nyingine, na baadhi ya mbegu ziliota, baada ya miaka 142. Jambo dogo katika habari hiyo ndilo lililonigusa: waliifukua usiku, ili mwanga usiziguse mbegu kabla ya wakati. Mbegu nyingi za magugu husubiri mwanga. Zikiwa chini zimelala. Jembe likizipandisha juu, hata kwa dakika chache, zinaamka.

Kwa hiyo nikaacha kulima kila mara. Nikitaka kupanda, natayarisha tuta mapema, namwagilia kana kwamba nimeshapanda, kisha nasubiri kama wiki mbili. Magugu yaliyo karibu na juu yote yanaota. Asubuhi ya jua kali nayakwangua kwa jembe dogo lenye makali, kina kisichozidi sentimita mbili, yanalala na kukauka kabla ya jioni. Ndipo napanda bila kuugeuza udongo. Miche ikishasimama natandaza matandazo, nyasi kavu zisizo na mbegu au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 10, nikiacha nafasi kidogo kuzunguka shina lisije likaoza. Kazi ya kupalilia ilipungua kwangu kuliko kwa kitu kingine chochote nilichowahi kujaribu.

Na kuna kopo. Hili ni langu mwenyewe, sijalisoma popote. Nalijaza udongo wa bustani, sipandi kitu, namwagilia, naangalia kinachoota. Kila kinachoota nakiacha mpaka kichanue, nikikitazama kila siku mbili tatu: majani mawili ya kwanza yalikuwaje, ya tatu yamekujaje, harufu, manyoya, rangi ya shina. Baada ya msimu mmoja wa kopo nilikuwa naweza kutofautisha mche wa mchicha pori na mche wa nyanya ukiwa na majani manne tu. Kabla ya hapo, nakiri kwa uchungu, nilishang'oa mstari mzima wa karoti zangu zilizokuwa zimeota siku hiyohiyo.

Dawa za kuua magugu niliwahi kuzitumia mara moja. Nilinunua ile inayoua majani mapana, nikanyunyizia njia inayopita kati ya matuta. Kulikuwa na upepo mdogo ambao sikuuona kama upepo. Siku chache baadaye nyanya zilikuwa zimejikunja, majani ya juu yamesokotwa kama kamba, na maua yakadondoka. Sikupoteza njia tu, nilipoteza na tuta. Bomba nililotumia nililiosha mara tatu, bado lilipotumika kunyunyizia mbolea ya maji kwenye maharage, maharage nayo yakajikunja. Anayetumia dawa hizi asome karatasi iliyobandikwa kwenye chupa tangu mwanzo hadi mwisho, avae kinga inayotajwa pale, asinyunyizie penye upepo, awe na bomba la kazi hiyo peke yake, na kamwe asihamishie dawa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto haulizi kilichomo kwenye chupa ya soda. Chumvi nayo, ambayo wengine hushauri, inaua gugu na kuua udongo pamoja nalo. Kwa nyufa za sakafu ya nje maji yanayochemka yanatosha, ukivaa viatu vilivyofunika mguu.

Mwili nao una haki yake. Nilipalilia nikiwa nimeinama kwa kiuno mwaka mzima mpaka nikashindwa kunyanyuka kitandani. Sasa nina kigoda kifupi, nahama nacho. Napalilia saa moja asubuhi, siku inayofuata mvua, ardhi ikiwa imelegea. Penye majani marefu natanguliza fimbo, napiga na kusubiri kabla ya kutia mkono, maana nyoka hukaa humo. Nilishawahi kupigia goti mbigili, mwiba ukazama wote. Daktari alinichoma sindano ya pepopunda, na tangu siku hiyo naweka kumbukumbu ya tarehe ya chanjo yangu.

Mzee jirani bado anakuja uani mara mojamoja. Jana alinikuta kwenye kigoda, kisu mkononi, natafuta kinundu chini ya boga.

"Zimebaki ngapi?"

"Leo nimepata mbili, mzee."

Akainama akanyoosha kidole karibu na mguu wangu. Palikuwa na mche ambao sikuwa nimeuona: majani mawili membamba, shina la zambarau, manyoya mafupi sana yanayoonekana ukilitazama kwa kuelekea jua. Hakuujua, wala mimi. Nikauchimbua na bonge lake la udongo, nikauweka kwenye kopo, nikalisogeza dirishani. Majani ya tatu bado hayajatoka.